Moto Usiotoa Moshi

Likasi, tarehe 15 Juni 2025

Mjomba Bertin,

Barua hii ikukute mzima, na salamu za Kambo, bibi yangu aliyekuzaa, zitangulie zangu, maana ndivyo alivyoniagiza. Sisi hatujambo. Mguu wa Kambo umevimba tena kwa sababu ya baridi, ingawa anasema baridi yetu ni ya kucheka ukiilinganisha na yako ya huko Lesotho. Mama yangu bado yuko Kakanda na biashara yake ya vitenge. Umeme unakuja wakati watu wameshalala, basi Kambo anaamka usiku kupiga pasi kabla haujaondoka tena.

Mtihani wa Serikali nimeumaliza. Kemia niliielewa, Kifaransa sijui. Sasa niko nyumbani tu, nasubiri majibu. Jumapili walitaka nisome somo la kwanza kanisani, sauti ikakataa kutoka, dada mmoja akaja kusoma mahali pangu. Watu walicheka kidogo, lakini hakuna aliyenitukana.

Mama Bibiane, jirani yetu, anasalimia na anaomba habari za mwanawe Ruffin. Anasema haandiki. Nimemwambia mko hema moja, basi habari zako ni zake.

Sasa jambo lenyewe. Mwezi jana ulipopiga simu kutoka mjini, Kambo alisikiliza kisha akanirudishia simu akasema, "Hii sauti hapana ya Bertin. Ni kama muntu anaongea na tonge ya bukari mu kinywa." Nilipokuuliza kama unaumwa, ulisema hapana, halafu ukanyamaza, na nyuma yako nikamsikia Ruffin akicheka. Kambo hakulala vizuri siku ile. Anataka kujua unaficha nini. Mimi pia nataka kujua.

Papa Dunia, dereva, anaondoka kesho na lori la kwenda Johannesburg. Amekubali kubeba barua na furushi mpaka ghala la kampuni yenu: kapenta, dagaa wetu wakavu, unga, na sweta aliyoifuma Kambo. Mikono ya sweta ni mirefu kupita kiasi, usimcheke.

Mwipwa wako,
Plamedi


Kambini mlimani, Lesotho, 6 Julai 2025

Plamedi, mtoto wa dada yangu,

Nimepokea vyote. Mwambie Mama sweta inanifaa, hata mikono, maana hapa glavu hazitoshi na ile mikono inazifunika. Kapenta nimeificha. Pole kwa kanisani. Hata mimi nilikimbia altare nilipokuwa msaidizi wa misa, na padri akanifuata na makobazi yangu mkononi.

Kambi yetu iko juu sana, mita elfu tatu na zaidi, na simu haishiki. Ukipanda kijilima kidogo unahema kama mzee. Maji ya ndoo yanakuwa jiwe kabla ya asubuhi. Tunatoboa mwamba kwa mashine, inatoa vipande virefu vya jiwe, mabosi wanavipanga katika masanduku kama mikate na kuviangalia siku nzima.

Tunalala wawili wawili. Kila hema imepewa chauffage, chombo cha kupasha joto kinachotumia chupa ya gazi. Kinawaka chekundu, hakina moshi, hakina majivu, si kama mbabula, jiko letu la makala, yale makaa ya miti. Mwanzoni kilitusumbua, kinawaka kidogo halafu kinajizima chenyewe. Mkubwa wa kambi akasema huku juu hewa ni kidogo, basi chauffage ni ya kuvalia nguo tu, mlango ukiwa wazi, na kulala nayo marufuku. Yeye analala katika nyumba ya bati yenye umeme, baridi anaisikia kwenye redio. Tukakitengeneza, kikatii. Sasa kinawaka mpaka asubuhi.

Yale ya simu: ni kweli naumwa, na sikuweza kusema kwa sababu Ruffin alikuwa amesimama begani pangu. Kila asubuhi naamka kichwa kinapasuka, natapika, miguu kama si yangu. Nikiwa kwenye mashine, ikifika saa sita hivi ya mchana, naanza kuwa mzima. Jumapili nikibaki hemani naumwa kutwa. Muuguzi anasema ni urefu wa mlima. Mbona wa mahema mengine hawaumwi hivi?

Nitakuambia. Chai ya asubuhi anaipika Ruffin. Na kuna nafasi ya chef d'équipe, kiongozi wa zamu yetu, na mimi na yeye ndio wanaotazamwa. Naye anajishika kichwa, anasema anaumwa kama mimi. Ni mchezo huo, ili nisimshuku. Kuna siku niliona kama kivuli kwenye tundu la hewa la hema, kama mtu anapuliza kitu. Tangu hapo nimeyaziba matundu yote kwa utepe mpana wa mashine. Na kila jioni nakunywa kijiko cha mafuta ya ngazi, yale mekundu ya mawese, kuvunja sumu.

Msomee Mama barua hii yote. Mwambie aende kwa Bibiane na watu wawili wa familia, asimame mbele yake, amuulize mtoto wake anatafuta nini kwa mtoto wetu. Jambo la namna hii likinyamaziwa linaua.

Mjomba wako,
Bertin


Likasi, 20 Julai 2025

Mjomba Bertin,

Tumefurahi kuona mwandiko wako, ingawa umebadilika, mistari inateremka upande mmoja. Kambo amesikia habari ya sweta akacheka hadi akashika ubavu. Mama yangu alikuja Jumamosi na kitenge kipya cha Kambo. Majibu ya mtihani bado.

Barua nimemsomea Kambo uani, akichambua mboga ya lengalenga. Nilipofika katikati nilisita. Akasema, "Mbona umesimama? Soma."

"Nakohoa, Kambo."

"Ukohoe, halafu usome. Mutoto yangu anasema nini?"

Nikasoma mpaka mwisho. Anakusalimia sana.

Nina maswali, mjomba, naomba usikasirike. Ruffin anatapika kweli, umemwona kwa macho, au anasema tu? Wenzenu wa mahema mengine wanalala na chauffage ikiwaka, au wanaizima kama mkubwa alivyosema? Na umeandika kwamba chombo kilikuwa kinajizima, kisha "tukakitengeneza, kikatii". Mlikitengeneza namna gani? Hapo uliruka. Ulisimulia hata makobazi ya padri, lakini hapo uliruka.

Unakumbuka Kambo anavyofanya na mbabula. Hata mvua ikinyesha inabaki barazani mpaka makala yote yawe mekundu, na usiku hailali ndani hata kama tunatetemeka. Alituzoesha hivyo tangu ile familia ya nyuma ya soko ilipokutwa asubuhi haiamki. Wale hawakulishwa kitu na mtu. Nafikiria hilo kila siku.

Zibua matundu, nakuomba.

Mama Bibiane bado anauliza habari za Ruffin. Ametuletea viazi vitamu. Kambo amevila.

Plamedi


Kambini, 9 Agosti 2025

Plamedi,

Mimi niko. Wa nyumbani najua ni wazima, maana walaji wa viazi vitamu vya Bibiane hawawezi kuwa wagonjwa.

Nilikutuma kwa Mama, sikukutuma kunifundisha. Nimesoma barua yako mara nyingi na sioni mahali Mama anajibu neno langu. Mama ninayemjua mimi, akisikia mwanawe anatiliwa sumu, hamalizi kuchambua lengalenga. Ulimsomea au hukumsomea? Na tangu lini unauliza kama Ruffin anatapika? Umeshakuwa mkwe wa Bibiane na sisi hatujui? Basi mahari niletewe huku, nina baridi.

Nimemfukuza Ruffin hemani. Nilimwambia mbele ya wote, "Chukua godoro yako, ukalale na wale banakutuma." Akasema, "Bertin, weye uko mugonjwa, kichwa yako inageuka." Nikamwambia anayenigeuza anajijua. Sasa analala kwenye hema kubwa ya vyakula, ile isiyo na moto, katikati ya magunia. Na sikiliza vizuri: tangu ahame amepona. Anakula, anaimba, anabeba magunia kama punda. Mimi nimezidi kuumwa. Je, hiyo si alama? Anayetuma kitu hakimpati.

Chai yake nimeiacha. Chakula cha jikoni nimekiacha. Napika mwenyewe ndani ya hema, mlango umefungwa, nakula kapenta ya Mama tu. Bado naumwa. Kwa hiyo dawa yake inapita hewani, na ndiyo maana utepe nimeuongeza, hata chini kwenye ardhi. Juma lililopita nilianguka karibu na mashine. Wenzangu walinivuta kwa mkanda, la sivyo ningepoteza mkono.

Kuhusu chauffage, ni moto tu. Mimi ni mtu wa kazi, chuma nakijua. Usiulize tena.

Kama mwezi huu unaisha bila Mama kwenda kwa Bibiane, nitamalizana na Ruffin hapa hapa mimi mwenyewe. Na kama nikifa kabla, mmeshalijua jina.

Bertin


Likasi, 19 Agosti 2025

Mjomba wangu Bertin,

Papa Dunia amerudi jana jioni na barua yako, na anaondoka tena kesho. Kambo ni mzima, mama ni mzima. Nimefaulu mtihani, asilimia sitini na moja. Kambo alinimwagia unga kichwani kama wengine wote wa mtaa huu waliofaulu, na mama Bibiane naye akaja na unga wake. Nakuambia haraka kwa sababu siwezi kuyafurahia.

Ni kweli. Barua ya kwanza sikumsomea yote. Nilipofika kwenye jina la Ruffin niliruka mpaka salamu. Niliogopa, maana neno kama hilo likishatoka katika mtaa halirudi. Leo asubuhi nimemsomea zote mbili, sikuacha kitu.

Kambo aliweka kisu chini. Alifunga kitenge chake kile cha misa, akachukua fimbo. Mimi nikasimama mlangoni.

"Toka mu mulango."

"Kambo, ngoja kwanza."

"Mutoto yangu anakufa, weye unaniambia ngoja? Ulinificha barua, sasa unanifungia nyumba?"

"Nakuomba unisikilize. Ukishamaliza kunisikiliza, upite."

Sijawahi kusema maneno mengi mbele yake kama leo. Nitakuandikia niliyomwambia.

Mjomba, umebadilisha chai, ukaendelea kuumwa. Umebadilisha chakula, ukaendelea. Umemtoa mtu mwenyewe, ukazidi. Kitu kimoja hujakibadilisha, nacho unalala nacho, umekifungia ndani pamoja na wewe. Ruffin hakupona kwa sababu anatuma kitu. Alipona kwa sababu alihamia mahali pasipo na moto. Na kabla ya hapo aliumwa kama wewe, kwa sababu mlikuwa mnavuta hewa moja.

Tulijifunza darasani: moto unakula hewa ile ile tunayoivuta sisi. Hewa ikipungua, moto hauwaki vizuri, unatoa gazi nyingine isiyo na rangi wala harufu, inakaa katika damu mahali pa hewa nzuri. Ndiyo iliyowaua wale wa nyuma ya soko. Huko kwenu hewa ni kidogo tangu mwanzo, na wewe umeziba hata ile kidogo. Sisi tunaogopa mbabula kwa sababu tunauona moshi wake. Hiki chombo chako hakina moshi, basi tunafikiri ni kisafi. Nafikiri kilikuwa kinajizima kwa sababu kiliundwa kijizime hewa inapokuwa mbaya. Kilikuwa kinakuonya, nanyi mkakinyamazisha. Namna gani, hutaki kusema. Lakini nimeelewa.

Kambo alikaa kwenye kiti cha mlangoni, fimbo magotini. Halafu akasema, "Nyumba ya nyuma ya soko, miye njo niliwaosha wale batoto. Midomo yao ilikuwa mekundu kama wazima." Sikujua hilo. Hakuwahi kutuambia.

Ila hakuniachia hivi hivi. Amesema utalala juma zima bila chauffage, matundu wazi. Ukiwa bado unaumwa, ataenda kwa mama Bibiane, na mimi nitakwenda naye, na mimi ndiye nitakayesimama kulitamka jina la Ruffin mbele ya familia zote mbili. Nimekubali. Unanijua, mjomba. Unajua ni kitu gani hicho kwangu.

Anakutumia blanketi lake zito, lile la harusi yake. Lala nalo. Chombo kitoe nje leo, kabla hujamaliza kusoma hata mstari unaofuata.

Plamedi


Likasi, 7 Septemba 2025

Mjomba,

Kambo anasalimia. Mama yangu amefunga duka la vitenge Kakanda, amekuja kukaa nasi.

Siku uliyozoea kuteremka mjini kupiga simu imepita na hukupiga. Nimepiga namba ya ofisi ya kampuni mjini. Mtu alipokea, nikataja jina lako, akasema nisubiri, kisha wakakata. Mara ya pili walipokea wakakata kabla sijasema. Mama Bibiane anasema Ruffin alimpigia, sauti yake si nzuri, akasema tu, "Mama, usiulize habari ya Bertin sasa," na hakueleza. Mama Bibiane anatuangalia vingine tangu siku ile. Na sisi tunamwangalia vingine. Jana alipita mbele ya nyumba, Kambo akawa wa kwanza kugeuza uso.

Sijui kama nilikosea. Usiku nafikiri labda ulikuwa na haki na mimi nimemzuia Kambo bure kwa maneno ya darasani.

Andika hata neno moja.

Plamedi


Mjini bondeni, Lesotho, 14 Septemba 2025

Mwipwa wangu Plamedi,

Niko hai. Mwambie Mama neno hilo kabla ya mengine.

Niko kliniki. Wananipa hewa kwa bomba la puani. Ningeweza kupiga simu, lakini ulimi wangu bado ni mzito na sitaki Mama ausikie. Mkono wa kushoto unatetemeka. Wa kuume, unaona, unaandika. Hongera kwa mtihani. Unga wa kichwani nitakumwagia mimi mwenyewe.

Barua yako nimeisoma hapa kitandani, ikiwa imeshachelewa. Mambo yalikwenda hivi, kama walivyonieleza. Ruffin alikuwa ameteremka kwenye ghala la kampuni kupakia vyakula. Papa Dunia akamkuta pale na furushi. Asubuhi gari lilipofika kambini, watu walikuwa kazini na mimi sikuonekana. Ruffin aliita nje ya hema, sikuitika. Mlango ulikuwa na utepe ndani, juu mpaka chini. Akachukua kisu cha jikoni akapasua hema ubavuni, akanivuta nje kwa miguu. Nilipofungua macho nilimwona yeye juu yangu na kisu mkononi. Nikajua saa imefika. Nilimpiga kwa jiwe. Ameshonwa juu ya jicho.

Halafu nikaambiwa jambo moja ambalo hukuliandika. Dunia alimwambia Ruffin kwa mdomo, "Mutoto wa kike wa pale kwenu amesema, usingoje barua isomwe, ukifika fungua ile hema." Mimi uliniandikia habari ya juma zima na blanketi, kama mtu anayenipa nafasi ya kuamua. Nyuma yangu ulimtuma yule yule niliyekuambia ni adui yangu. Ulifanya hivyo, Plamedi? Nataka unijibu ndiyo au hapana.

Mkubwa wa kambi ameichukua chauffage. Ameifungua akaona alichokiona. Nafasi ya chef d'équipe amepewa Ruffin. Alikuja kuniona hapa, jicho limevimba, akaleta machungwa, akakaa. Alimenya machungwa yote.

Mwambie Mama asiende tena kwa Bibiane kwa lile. Aende kwa lingine. Achukue kuku mzuri na unga, kama inavyofanywa kwa mtu uliyemkosea, na wewe umsindikize. Maneno ya kusema pale siyajui kuyaandika. Wewe uliyesimama mlangoni, yatafute, uyaseme kwa niaba yangu.

Mjomba wako,
Bertin


Likasi, 5 Oktoba 2025

Mjomba Bertin,

Kambo alipiga magoti uani niliposoma neno la kwanza, tukashindwa kumwinua, mama na mimi, mpaka alipotaka mwenyewe. Mguu umepungua uvimbe. Joto limeanza, maembe ya kwanza yameingia sokoni, machachu. Mwezi ujao naenda Lubumbashi kujiandikisha shule ya wauguzi. Mama ndiye aliyeamua, mimi nilikuwa nimeshatamani bila kusema.

Jibu lako ni ndiyo. Nilikwenda kwenye kituo cha malori, peke yangu, nikamwambia papa Dunia nikiangalia viatu vyake. Alinifanya nirudie, hakusikia. Sikukuandikia kwa sababu ungemfukuza Ruffin hata mlangoni. Nilifikiri: kama nimekosea kuhusu moto, basi nimempa adui wako njia ya kukufikia. Nililala na wazo hilo mpaka barua yako ilipokuja.

Tulikwenda kwa mama Bibiane Jumapili baada ya misa. Kambo alibeba unga, mimi kuku, jike jekundu. Mama Bibiane alitupa viti, akamfunga kuku mguu kwenye mpapai wake. Akakaa. Akasema, "Kuku nimeiona. Maneno iko wapi?"

Kambo aliniangalia. Nikasimama. Nilimweleza habari ya mlima, ya hewa, ya chombo, ya Ruffin na kisu. Nilimwambia mwanawe amekuokoa. Sauti ilitoka, si kubwa, lakini alisikia, maana alilia.

Kisha akauliza, "Na yale Bertin alisema juu ya mutoto yangu mbele ya batu? Na jiwe? Ile msamaha anaomba nani, weye?"

Nilikuwa nimeyaandaa, mjomba. Nilikuwa nimeyasema njiani kote midomoni mwangu. Pale sikuyasema. Nilimwambia, "Mama, hayo si yangu. Ni ya mjomba." Kambo alinifinya paja, lakini hakuyasema naye.

Mama Bibiane aliitikia kwa kichwa. Akasema, "Basi hii kuku hapana kuchinjwa. Itangoja mwenyewe hapa. Mwambie inakula sana."

Tulirudi nyumbani na aibu. Sasa kuku ameanza kutaga. Kila yai, mama Bibiane analivusha barabara mwenyewe, analiweka mezani mbele ya Kambo, anasema ni la mwenye kuku, anasalimia vizuri, anaondoka. Hataki tumpe kitu, hataki kukaa. Yamefika sita kwenye bakuli, na Kambo hagusi hata moja.

Wakikuruhusu kutoka, pita njia ya nyumbani.

Mwipwa wako,
Plamedi